Kaka, Niliapa Sikujui

Kaka yangu Yusufu,

Shikamoo. Isome barua hii ukiwa umekaa, na nakuomba usiichane kabla hujafika chini.

Barua yako ya kutaka kurudi nyumbani niliipata. Ulisema uhamiaji wanataka ndugu mmoja tu, aseme kwamba wewe ni mzaliwa wa Ujiji. Waliniita. Bwana mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, akanionyesha picha yako. "Mama, huyu chotara unamjua? Anasema ni kaka yako."

Nikasema, "Wallahi, simjui."

Ulimi haukuteleza, kaka. Wewe ulichukua rangi ya baba, Mgiriki yule mnunuzi wa dagaa, mimi nikamfuata mama. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa huku mbele ya Bangwe, kila mtu ananijua kuwa Mmanyema kama mama, basi. Hata wanangu sikuwaambia babu yao ni nani. Mikutanoni machotara wanatajwa pamoja na mabepari, na mimi napiga makofi na wenzangu. Niliogopa. Ndiyo hivyo tu.

Tangu siku ile, nikisujudu nakiona kichwa chako. Mama amekubana katikati ya magoti, anakunyoa kwa wembe kila Alhamisi, ili zile nywele za singa zisionekane msikitini. Ukilia anakupaka mawese utosini. "Nyamaza, baba. Sasa umekuwa kama wenzako."

Wapi! Ukifika tu mchangani tunakoanika dagaa, watoto wanaanza: "Mzungu mnuka dagaa!" Nawe unawajibu, "Na nyie mnanuka dagaa, na uzungu hamjaupata!" Siku moja nilicheka mpaka nikamwaga ungo mzima, mama akanikimbiza.

Lakini mwaka wa Uhuru, ulipotolewa kwenye mstari wa ngoma, hukujibu. "Wewe toka, kashangilie kwenu!" Ukanitazama mimi. Nami nikaendelea kucheza. Mwezi haukuisha ukapanda meli ya Bujumbura.

Nilimwendea maalim nikamweleza kiapo changu, nikidhani atanitajia kafara niondoke zangu. Akasema, "Funga siku tatu, Bi Mwajuma. Lakini njaa yako haitamrudisha kaka yako Ujiji."

Nimefunga. Juzi nikarudi ofisini. Yule bwana akacheka. "Mama, wiki ile Wallahi humjui, leo Wallahi unamjua. Nikuandike vipi?"

"Andika kuwa nilisema uongo. Halafu andika kuwa ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo na wewe ni chotara?"

Watu walijaa barazani, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi akiwemo. Nikasema ndiyo, kwa sauti kubwa, maana ndogo ilikataa kutoka.

Amesema neno langu limeshaharibika, nimletee shahidi mwingine. Kesho asubuhi naenda Ujiji kwa Bi Tatu, mkunga aliyekupokea. Haoni tena, lakini nilipomtumia salamu alijibu, "Huyo nilimshika kabla mama yake hajamshika. Nani ataniambia simjui?" Nitampeleka, hata kwa kumbeba.

Sitakuficha: mke wa balozi tukikutana ziwani anainamia ndoo yake. Wanangu nimewaambia yote. Mkubwa ameuliza kama mjomba anajua kutengeneza injini za boti. Mdogo hajanisemesha hadi leo.

Sijui kama watakukubalia. Wala sikuombi unisamehe kwa barua, hilo utaniambia mwenyewe usoni, au hutaniambia. Wakikuruhusu, nitakuwa gatini siku ya meli. Ukinipita bila salamu, nipite, sitakushika nguo. Ila nakuomba upite taratibu, kama mtu aliyefika kwao.

Mungu akutunze huko uliko.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwajuma