Mimi Mzima, Mguu Tu

4 Machi

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya, hofu yangu ni kwako uliye mbali. Jirani hajambo, kuku wake pia hawajambo na bado wanachafua kizingiti changu. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu unajibu, "Shangazi, nipo kazini." Karatasi itakusubiri utoke.

La pili ni kwamba wiki iliyopita nilianguka kidogo pale stendi. Kwenye njia ya abiria kuna mtaro, na mfuniko wake mmoja haupo tangu mvua zilizopita. Nilikuwa nimekumbatia furushi la vitambaa vya sare za shule, sikuona mbele. Mguu wa kulia umevunjika juu ya kifundo, umefungwa plasta mpaka gotini. Vitambaa havikuchafuka sana.

Usiache kazi kwa jambo hili. Marehemu kaka yangu, baba yako, alikuwa akianguka kila mwaka, na mwisho aliondoka kwa homa.

Shangazi yako

13 Machi

Shikamoo Shangazi,

Habari za huko? Mimi sijambo, na wakili ninayemfanyia ukarani hajambo, ila barua yako imenikosesha hamu ya kula. Kuku kwanza, mguu baadaye!

Nimemweleza wakili. Anasema mtaro ule ni wa baraza la mji, na njia ya watu wote ina mwenye wajibu wa kuitunza. Unaweza kuwaandikia kudai gharama za matibabu, wakikubali, yameisha. Unaweza pia kukaa nao mkapatana bila hakimu. Wakigoma, tunafungua kesi ya madai, na hapo itatubidi tuthibitishe kwamba walijua mfuniko haupo wakazembea. Tena kulidai baraza kuna muda wake. Ukipita, hata uwe na haki nene kama nguzo, hakuna wa kukusikiliza.

Mtaro upigwe picha kabla hawajauziba. Tunza karatasi za hospitali, tafuta aliyekuona ukianguka, na usitie saini kitu chochote. Halafu uniandikie mara kwa mara hali yako ilivyo. Wakili anataka maumivu yawe kwenye maandishi, si kwenye simu.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu Karani,

Marahaba. Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu, hofu kwako.

Picha imepigwa. Jirani alikwenda na simu yake, akaupiga mtaro, kisha akajipiga na yeye kando yake akitabasamu. Nimemwambia hiyo ya pili hakimu haihitaji. Shahidi ni muuza maji wa stendi, wanamwita Redio kwa kuwa akishawaka hazimiki. Anasema alikwishamwambia msimamizi wa stendi habari za ule mfuniko, naye akamjibu kuwa ameshapeleka taarifa juu.

Huyo msimamizi alikuja kunipa pole. Mtu mstaarabu, alivua viatu mlangoni. Akaniuliza, "Mama, unaendeleaje?" Nikamwambia naendelea vizuri tu. Ulitaka nimjibuje mgeni?

Plasta inawasha. Sare za shule zinaendelea.

Shangazi yako

20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hujambo. Mimi naendelea vizuri. Barua yako ya Mei nimeipata, nimefurahi kusikia plasta imetoka na kwamba unajikongoja mwenyewe.

Baraza limejibu madai yetu. Wanasema ulipaswa kuangalia unakokanyaga, basi, nukta. Kwa hiyo kesi imefunguliwa. Wakili alikuwa safarini, nikalitayarisha faili la vielelezo kwa mkono wangu. Barua zako nimeziweka zote, nzimanzima, bila kukata hata mstari, ili tuonekane hatufichi kitu. Siku ya kusikilizwa nitajitahidi kuja.

Mwanao

9 Septemba

Mwanangu,

Sijui nianzeje, maana mwanzo wangu wa siku zote umenitia aibu mbele za watu.

Wakili wa baraza, kijana wa suti ya kubana, alizishika barua zangu akasoma mistari ya juu tu. "Mimi ni mzima wa afya." Akaiweka chini, akachukua nyingine. "Mimi ni mzima wa afya, namshukuru Mungu." Kila moja. Watu wakacheka. Akaniuliza, "Mama, umevunjika au u mzima?" Nikamwambia, "Baba, hizo ni salamu. Mwaka ule upepo ulipoezua nyumba yangu nilimwandikia mtoto wangu hivyohivyo." Akasema, "Kwa hiyo una desturi ya kuandika yasiyo kweli." Msimamizi naye akaapa kwamba nilimwambia naendelea vizuri, na hapo hakudanganya.

Hakimu hakucheka. Aliniambia, "Mama, salamu weka pembeni. Hapa sema ilivyo."

Basi nikasema. Kwamba tangu nianguke sijashona hata mshono mmoja, maana mguu haukanyagi pedeli ya cherehani, na zile sare anashona fundi mwenzangu. Kwamba plasta ilipotoka mfupa ulikuwa umeunga upande. Kwamba jirani ndiye anayenishika kwenda msalani, na maumivu yakizidi nang'ata shuka ili asinisikie. Yote hayo niliyasema mbele ya Redio, ambaye alikwishatoa ushahidi wake vizuri, na siku hiyo kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kuyasikia, lakini hukuwapo. Wakili alisema umebaki kupanga mafaili. Hilo limeniuma, sikufichi.

Shangazi yako

17 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Sina la kujitetea. Kuweka zile barua nzima kulikuwa ujinga wangu. Wakili amenisema mpaka nikatafuta pa kujificha. Lakini kinachonisumbua si hicho. Nilipokuwa nazipanga nilisoma mzima, mzima, mzima, na mimi mwenyewe nikaamini, nikaona hakuna haja ya kuja. Nimelia ofisini, nimeegemea mashine ya kutoa nakala.

Sasa sikiliza. Baada ya maneno yako, baraza wanataka suluhu. Watalipia matibabu yote, pamoja na upasuaji wa kuunyoosha mfupa, na watatoa fidia ya wastani. Kukiri kosa hawakiri. Au tuwakatalie tusubiri hukumu. Wakili anaona tuna nafasi nzuri, na fidia inaweza kuwa kubwa zaidi, ila wakishindwa watakata rufaa, na rufaa huzeesha watu.

Mimi nataka tupambane nao. Lakini mguu ni wako. Maandishi ya suluhu yao nimeyaambatanisha hapa, na wanasubiri jibu mpaka mwisho wa Oktoba.

Mwanao

15 Oktoba

Shikamoo Shangazi,

Jibu lako sijalipata. Nikipiga simu anapokea jirani, ananiambia umelala, hata saa sita mchana. Umenikasirikia? Niandikie japo neno moja.

Mwanao

22 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zipo hapa mbele yangu. Sijakukasirikia, au nilikukasirikia na yamekwisha.

Waambie baraza nimekubali suluhu. Wewe unataka kupambana, mimi nataka mfupa huu unyooshwe nikiwa bado na nguvu, nirudi kwenye kazi yangu. Hukumu haikanyagi pedeli.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu posta iko ng'ambo ya stendi. Tangu siku ile ya mahakama natoka na fimbo yangu, nafika pale njia ya abiria inapoanza, na miguu yote miwili inagoma, hata ule usiovunjika. Mfuniko wameshaweka, wa chuma, mpya kabisa. Nauona. Watu wanaukanyaga na mizigo yao, haubonyei. Mimi nasimama pale natetemeka mpaka Redio aache maji yake anirudishe nyumbani. Ile ya Septemba aliipeleka jirani, nikaona aibu kumtuma tena, lakini na hii itabidi aipeleke yeye.

Na basi la kwenda hospitali ya upasuaji linaondokea humohumo stendi.

Nimeisoma hiyo suluhu yao tangu juu mpaka chini. Ina daktari, ina dawa, ina nauli. Mtu wa kunivusha haina, na hakuna mahakama ninakoweza kudai nipewe. Naogopa, mwanangu. Omba ruhusa kazini. Njoo unishike mkono.

Shangazi yako