Milima Nyuma ya Ng'ombe

Jumapili, Gorong'a

Kumbe mkono bado unakumbuka. Niligonga muhuri wa ng'ombe kwenye kadi ya harusi ya mdogo wangu Bhoke, nikamfunika ng'ombe huyo kwa karatasi iliyokatwa umbo lake. Juu yake nikaweka kipande cha boksi nilichotoboa umbo la milima, nikapaka wino kwa sponji. Nilipoviondoa vyote, ng'ombe alikuwa safi, milima imesimama nyuma yake.

Marehemu mama ndiye aliyetufundisha, tulipokuwa tukipamba vitambaa vya kanisani.

Nilihofia Bhoke angezikataa kadi zangu. Yeye alitaka kadi za mashine kutoka Sirari.

Akashika moja, akaisogeza kwenye mwanga.

"Dada, mama angesema wino umezidi."

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Halafu akavuta kigoda, akaomba sponji.