Kwenda Kusalimia Pesa

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tisa
Ndagala, samaki zangu ndogo za soko, nimeanika mapema. Kunguru wameiba, nimewatukana mpaka wakachoka wenyewe. Halafu nimepita mu banki kuangalia pesa, kama kawaida. Iko. Msichana wa dirishani amenipa kikaratasi, nimekifunga mu kitambaa pamoja na vingine.
Hii pesa ni ya kujengea kaburi la mzee wangu, marehemu bwana yangu, na simenti. Mvua ikianza, ule udongo wote utashuka ku ziwa pamoja na msalaba. Nilisema mbele ya ukoo wake: nitajenga minye mwenyewe, sitaomba mtu hata faranga. Walisikia wote. Neno likitoka halirudi.

Alhamisi, tarehe 7
Pesa imepungua. Sijatoa kitu! Msichana anasema eti ni makato. Makato ya nini, nyama? Nyuma yangu watu walianza kusukuma, nikatoka.
Sijala. Feza, binti yangu, ndiye alinipeleka mu ile banki. Alisema pesa ya mu sanduku wezi wataichukua. Haya. Sasa wezi wamevaa kravati.

Ijumaa, tarehe 8
Feza amefungua kitambaa, amesoma vikaratasi vyote. Akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani, kumbe aliyevunja ni minye.
– Mama, kila ukienda kuangalia wanakata. Unaenda mara ngapi?
Kila siku ya soko. Na siku nyingine nikipita karibu. Sasa nifanye nini? Baba yangu aliacha mbuzi zake kwa mtu kule Kiringye, na kila akishuka bondeni alipita kuziangalia. Hakuzigusa. Alisimama tu, akakohoa, akauliza habari. Mchungaji akikuona anajua mwenye mbuzi iko macho. Usipopita, utaambiwa mbuzi alikufa, na ngozi hutaiona. Hivyo ndivyo mali inalindwa. Minye nimelinda pesa yangu. Nimeilinda mpaka ikaliwa.
Nimemkasirikia Feza bila sababu. Aende.

Jumatatu, tarehe 11
Nimeenda kugombana. Msichana ni mpole, ananiita koko kama bibi yake, hiyo nayo imeniudhi.
– Koko, kuuliza nayo ni operasyo.
Kumbe kila kitu ni operasyo. Kuweka pesa, hawakati. Kutoa, wanakata. Kuuliza, wanakata. Kikaratasi, wanakata. Na mwezi ukiisha, hata kama ulikaa kwako kimya, wanakata ya kutunza. Nikamwuliza, na ile “jambo” niliyokusalimia, hiyo ni ngapi? Mstari wote ukacheka. Naye akacheka, akasema jambo ni bure, koko.
Nikamwambia: mchungaji wa mbuzi nayeye analipwa, sikatai. Anachukua mtoto wa mbuzi. Lakini mbuzi anazaa! Pesa yangu imezaa nini kwenu? Akanionyesha tangazo la bei zote, iko ku ukuta, kwa Kifaransa. Ni pale pale minye huegemea nikisubiri. Mwaka mzima nimelifunika na mgongo wangu.

Jumanne, tarehe 12
Mawingu meusi juu ya milima. Fundi wa kaburi anataka pesa ya mchanga leo, ya mawe kesho, ya simenti siku nyingine. Nimemkatalia. Kila kutoa ni operasyo, weye hujui? Atangoja, nitatoa zote mara moja. Alinitazama kama nimekuwa karani.
Leo sikupita banki. Miguu iliwasha.

Jumatano, tarehe 13
Nimetoa zote. Wapi zote! Eti kuna kidogo kinachobaki lazima, la sivyo konti inafungwa. Nimelipa mchanga, mawe, fundi, simenti. Mfuko mmoja wa simenti umepungua, ule wa kusimamishia msalaba. Ni macho yangu yameula. Nimehesabu na Feza, ni vile vile.

Ijumaa, tarehe 15
Musafiri, mdogo wa marehemu, amefika toka Bwegera na mchele. Yule mdomo wake. Alikuta fundi amesimama, mikono kiunoni, msalaba umelala kwenye majani.
– Shemeji, banki yako imelala njaa?
Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tayari, lilikuwa kali. Radi ikapiga upande wa Burundi. Fundi akaangalia juu, minye nikaangalia ule msalaba chini.
Nikamwambia Musafiri, mfuko mmoja unakosekana. Basi. Hakucheka. Akasema huyu alikuwa kaka yangu mbele ya kuwa bwana yako, akaenda ku duka, akarudi na mfuko ku bega, vumbi la simenti mpaka ku nyusi.
Imeniuma kuliko makato yote ya banki. Nimempikia kuku.

Jumapili, tarehe 17
Mvua imepiga usiku wote. Baada ya misa nimeenda kuangalia. Simenti imeshika. Maji yamepita pembeni, msalaba umesimama sawa.
Nimekaa pale. Nilikohoa kidogo, nikamwuliza mzee wangu habari. Nimemweleza yote, hata ya mfuko wa mdogo wake. Alishazoea makelele yangu.
Kesho nikitoka soko nitapita tena. Hapa hawakati.