Kinyume cha "Mara Moja"

Kaole, Jumanne, 11 Julai 1972

Na wala sikuwa na haja ya kuliuliza neno lile. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kinakwenda vizuri, kina mama wanapatia vinyume vyote: daima, kamwe, aghalabu, nadra. Nikajitia kuuliza, "Mara moja?"

"Mara nyingi," akajibu Bi Mwanahawa, jirani yangu.

"Hata! Ni polepole," akabisha Bi Tatu. "Mtu akikwambia nakuja mara moja, si anakuja upesi?"

Bi Mwanahawa akatoa mfano bila kufikiri: "Mke wangu, natoka mara moja."

Kisha akanitazama, akaziba mdomo kwa kanga. Darasa zima likanigeukia. Kaole nzima inajua mume wangu, Salumu, aliniaga vipi, mwaka juzi, chai yake ikiwa bado ya moto.

"Niwie radhi, mwalimu."

"Hujakosa, Bi Mwanahawa."

Lililoniudhi si mfano wake, ni yale macho ya huruma.

Tena jibu lake ndilo sahihi. Mimi nilidhani Salumu amesema upesi. Kumbe alitoka mara moja tu. Asiyerudi atatokaje tena?