Aabo, Sauti Ilitoka Upande Gani?

Aabo, baba yangu,

Assalamu aleikum huko uliko. Nakuandikia Kiswahili, na najua ungecheka, maana ulikuwa ukisema hii ni lugha ya askari na makarani. Nifanyeje? Kisomali chetu hakuna aliyenifundisha kukiandika.

Tangu askari wakuue kwa risasi kule malishoni mwaka jana, mengi yamebadilika. Ngamia wako kwa adeer Yusuf, mdogo wako. Mimi na mama, Hooyo wetu, tunakaa mjini Garissa, na kutoka nje ya mji ni mpaka uwe na kibali. Mwanao najifunza kazi ya dresa hospitalini. Nafunga vidonda, nadunga sindano. Lakini sikukaa chini nikupe habari za vita hivi vya serikali na watu wetu. Nataka tuzungumze juu ya sikio lako la kushoto.

Unakumbuka mchezo wako wa moshi? Ulikuwa ukivuta sigara, unabana pua, unafumba mdomo, unasukuma pumzi, na moshi unatokea sikioni! Sikio lile lile lililokuwa likitoka usaha tangu utoto wako. Sisi watoto tulipiga kelele, tukakuzunguka kutafuta ujanja uko wapi. Hooyo akasema kuna shetani amehamia humo. Wewe ukasema tu, "Hili halisikii, acha lifanye kazi nyingine."

Basi ujanja nimeujua. Mwalimu wetu, Mkamba mmoja mpole mwenye miwani, alipasua kichwa cha mbuzi kwa msumeno akatuonyesha. Ndani ya sikio kuna kiwambo, ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Nyuma yake kuna chumba kidogo, na chumba hicho kina mfereji unaoshuka mpaka kooni. Kiwambo chako kilitobolewa na usaha, Aabo, ndiyo maana moshi ulipanda kutoka kooni ukajitokea zake nje. Shetani wapi! Nilicheka peke yangu darasani mpaka mwalimu akaniuliza kama ninaumwa.

Kisha kuna vifupa vitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku nilikiweka juu ya ukucha wangu. Ni kidogo kuliko punje ya mchele. Sauti inatikisa kiwambo, kiwambo kinatikisa nyundo, nyundo inasukuma fuawe, fuawe inasukuma kikuku, na kikuku kinagonga maji yaliyomo ndani ya kitu kilichojiviringa kama konokono. Humo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Wallahi, mtu anatembea na maji sikioni maisha yake yote na hana habari! Niliuliza maswali mpaka wenzangu wakaguna.

Swali moja nililiacha mpaka wote walipotoka. Nilimuuliza mwalimu: mtu mwenye sikio moja zima, anasikia nini hasa?

Niliuliza kwa sababu Hooyo alikuwa amekukasirikia, Aabo. Ulipotajwa, alitoka nje. Adeer Yusuf, aliyekuwa nyuma na ngamia siku ile, alituambia askari walikuwa vichakani kushoto kwako. Wakapiga kelele, "Simama!" Nawe ukageuka, ukawapa mgongo, ukaenda zako. Hooyo akasema, "Alisikia. Sikio la kulia lilikuwa linasikia hata maji yakianza kuchemka. Kiburi ndicho kimemuua, akatuacha." Nami niliamini. Nisamehe.

Mwalimu alivua miwani kabla ya kunijibu. Alisema sikio moja linasikia vizuri, ila halijui sauti imetoka wapi. Ubongo hulinganisha masikio mawili: lipi limeipata sauti kwanza, lipi limeipata kwa nguvu zaidi. Likibaki moja, sauti yoyote huonekana kama imetoka upande wa lile zima. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiniuliza asubuhi, "Kengele ya ngamia inalia wapi?" nami nikidhani unanipima akili.

Ijumaa iliyopita nilimjaribu Hooyo, ingawa alisema hospitali imenitia wazimu. Nilimziba sikio la kushoto kwa pamba na nta, nikamfunga macho kwa mtandio wake, nikamwambia, "Nikikuita, njoo nilipo." Nikaenda pembeni, kushoto kwake. Nikaita. Akageuka kulia papo hapo, akaanza kutembea, mikono mbele. Nikaita tena, naye akazidi kuongeza mwendo. Alipogusa ukuta akavua mtandio, akaniona niko mbali nyuma yake.

Aliketi pale pale chini. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anawaendea wale askari." Akalia, Aabo. Akalia vile ambavyo hakulia siku ya mazishi, na mimi pia nikalia.

Nakuahidi jambo moja. Mtoto yeyote atakayeletwa kwangu sikio likitoka usaha, nitalisafisha kila siku mpaka likauke, hata wakubwa wake waseme ni jambo dogo. Na adeer Yusuf nitamweleza mwenyewe, uso kwa uso, kibali kikipatikana.

Mungu akupe nafasi huko uliko, Aabo. Hooyo ameketi hapa kando yangu. Anasema nikuandikie kwamba anakuomba radhi.

Mwanao