Programu ya Kaka Kwenye Mashine Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Kaka kanipa kazi. Kanipa kama mtu anavyokupa mfuko wa takataka ukautupe. Programu yake ya kurekodi sauti inakubali kompyuta za Windows tu, na shule ya wasioona inayoitaka ina Linux darasani na Mac ofisini. Wameleta mashine moja ya kila aina hapa nyumbani, ofisini kwake. Yeye injinia, ana mambo. Kasema, "Wewe si upo upo tu? Ihangaikie."

Mwalimu wao, naye haoni, kasema atakayeiwezesha kote kote shule itamwajiri aitunze. Hakutaja cheti. Nilitega sikio — hakutaja cheti! Mimi niliishia darasa la sita. Kompyuta nimejifunza kwa kusimama nyuma ya kaka, naangalia vidole vyake. Miaka minne. Hajawahi kugeuka.

Jumatano, 5 Machi

Haiwaki. Kwenye Linux haitoi hata mguno. Kumbe kaka kaandika mafaili yote yakae kwenye diski ya C, ya Windows, utadhani kila kompyuta duniani ina C. Sehemu arobaini na moja! Nimezitoa moja moja kama mtu anachambua mchele. Na kipande kinachoongea na spika ni cha Windows peke yake. Nimeking'oa, nimeweka kingine cha bure kinachoelewana na zote.

Mama kapita, kachungulia. Kasema nisichezee vitu vya kaka yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Imeongea! Ila sauti ya mwalimu ilitoka nyembamba, mbio mbio, kama kifaranga kilichoachwa na mama yake. Mwenyewe alicheka. Kaka hakucheka. Kasema alijua tu nitaharibu.

Sijaharibu. Kaka alishindilia 44,100 kwenye maandishi ya programu, ndiyo vipande vya sauti kwa sekunde. Mashine ya darasani inacheza 48,000. Lazima ikimbie. Hakuwahi kuiuliza mashine, aliiamrisha tu. Ndivyo alivyo. Nimeifundisha programu iulize kwanza.

Mwalimu kasikiliza tena, halafu: "Huyu sasa ni mimi."

Kauliza mbona viatu vyangu vinalia. Nikasema soli imeachia. Kasema afadhali, anajua nikiingia. Nilitaka kusema kitu kizuri. Nikasema, "Haya."

Alhamisi, 13 Machi

Mac nayo imekubali. Ina kisirani kimoja: usipoiruhusu maiki kwenye mipangilio, inarekodi kimya kitupu wala hailalamiki. Na kila nikiigusa programu, ruhusa inafutika. Nimeandika karatasi, nimebandika kwenye kioo cha hiyo Mac: KWANZA RUHUSU MAIKI.

Jioni kaka kaja kupanga viti. Kesho anawaonyesha mkuu wa shule na mwalimu. Kaniambia niweke jina lake mwanzo wa programu. Nimeweka. Halafu kabandua karatasi. Mwandiko wa kuku huu, kasema, utatuaibisha. Nikamwambia ina maana yake — kwa ile sauti yangu ya chini. Hakusikia, au alisikia. Kaitupa. Nimeiokota.

Ijumaa, 14 Machi

Niko stoo. Kaka kasema wageni wakija nikae huku, na viatu nivue, visije vikalia. Mlango ni mbao nyembamba, nasikia yote.

Windows sawa. Linux sawa. Mkuu wa shule anapiga makofi, anamwita kaka kichwa. Kaka anasema hajalala wiki mbili. Wiki mbili namsikia anakoroma!

Sasa ndo Mac. Mwalimu kaongea kidogo kwenye maiki. Kaka kabonyeza icheze. Kimya. Karudia. Kimya. Anasema labda mtandao. Mtandao unaingiaje hapo? Karatasi ninayo mfukoni. Nimekaa juu ya boksi, soksi mguuni. Kuna raha fulani, mbaya. Sitaki kuikataa.

Mkuu wa shule kakohoa, kauliza kama kuna mtu mwingine anayeijua hii kitu.

Mwalimu kadakia: "Yule kijana wa viatu vinavyolia, leo yuko wapi?"

"Hayupo, mwalimu. Na yule ni wa kufagia tu."

Wa kufagia.

Kiatu cha kushoto nimeshavaa. Cha kulia kamba imekaza fundo, na kaka huko anabonyeza tena, anabonyeza —