Miwani Nene ya Mnadani

Jumatatu, 8 Machi 1993
Nimerudi na samaki wa Mtera, lori zima. Dereva kama mimi toka hapa Dodoma hadi Iringa hakuna. Ila nimegonga baiskeli, upande wa kushoto. Mwenyewe aliwahi kuruka. Sikuiona kabisa, na ilikuwa mchana kweupe. Tajiri mwenye lori kasema bila cheti cha macho funguo sipati tena.

Jumamosi, 13 Machi
Nimenunua miwani mnadani, kwenye gunia la mitumba. Nimechagua yenye vioo vinene kuliko zote. Vinene ndivyo vyenye nguvu, hata sisi tulioishia darasa la nne tunajua. Nimemwambia mke wangu naona mpaka mbu akipepesa macho. Uongo. Ardhi inapanda na kushuka. Nimekanyaga kuku.

Jumanne, 16 Machi
Hospitali. Foleni ndefu, nikatega sikio. Kila aliyeingia alitaja miguu ya herufi E za ubaoni inaelekea wapi: juu, kulia, chini, kulia. Nikakariri yote. Zamu yangu nikatiririka kama maji. Nesi akaangua kicheko. "Mzee, huo ni ubao wa wenzako. Wako nimeugeuza!"

Aibu. Nikasoma upya, kwa haki. Nikafika mstari wa tatu.

Daktari akaishika miwani yangu juu ya gazeti, maandishi yakavimba. "Hii ni plus kumi, ya mtu aliyetolewa mtoto wa jicho. Plus hukuza, husaidia karibu. Asiyeona mbali hupewa minus."

Kumbe namba si maksi. Nikasema basi nipe ya kwangu, plus au minus, nirudi barabarani.

Akachezesha vidole pembeni ya uso wangu, upande wa kushoto. "Unaviona?"

"Vidole gani?"

Akaandika kwenye kadi yangu. Nirudi Ijumaa, vipimo zaidi.

Ijumaa, 19 Machi
Presha ya macho. Mshipa unaopeleka picha kichwani umekufa nusu. Hakuna lenzi ya hilo. Matone ya dawa yatachelewesha upofu, hayatarudisha nuru iliyopotea. Cheti sikupewa.

Miaka ishirini na mbili ya usukani. Naogopa.

Jumapili, 21 Machi
Nimepita kijiweni kwa madereva. Nikawaambia nimeacha kazi mwenyewe, tajiri kanililia nibaki. Hawakubisha. Hata mtani wangu Mnyamwezi, ambaye hajawahi kuniona bila kuutukana ukoo wangu wote, leo kimya.

Nilipoaga, alinishika mkono akanivusha barabara. Nikamwacha anishike.